Barua ya wazi: Kabla ya treni ya risasi, tupeni treni ya saa mbili asubuhi

Kwa Waziri wa Barabara na Uchukuzi. Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Reli la Kenya. Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Barabara Kuu. Na magavana wa Nakuru, Kericho na Kisumu.

Waheshimiwa,

KUH: USAFIRI WA ABIRIA KATI YA NAKURU NA KISUMU

Nawasalimu nyote. Najua barua za wananchi huishia kwenye meza ya karani, ndiyo maana hii nimeiacha wazi. Wenye kulipa nauli wataisoma hata ninyi msipoisoma.

Huku kwetu mabishano yamepamba moto. Wapo wanaotaka nchi iruke moja kwa moja hadi kwenye treni za kasi, ziitwazo treni za risasi, kama za Japani na Moroko, na magari yabaki ya kuzungukia mjini tu. Wapo wenye magari, nami nimo, wasemao reli imekwisha kula mabilioni ya kutosha, tupanuliwe barabara kila mtu ajiendeshe. Ninyi mmewaitikia wote: mnapanua barabara ya Rironi hadi Mau Summit, na mmeahidi kuivuta SGR, ile reli mpya ya kisasa, kutoka Naivasha hadi Kisumu na Malaba. Sawa. Ila mtu wa Nakuru asiye na gari, anayetaka kuwa Kisumu kesho kabla ya adhuhuri, mipango yote miwili inampita. Barabara itamfaa mwenye matatu. Reli mpya imechorwa kupitia Narok na Bomet, mbali na mji wake. Huyo ndiye ninayemsemea.

Nianze na gari, kwa kuwa ninalo na ninalipenda, tusidanganyane. Mwenye gari huondoka atakapo, hupakia unga, kuku na jirani, humpitia shangazi Muhoroni bila kumwomba dereva ruhusa. Hakuna treni duniani itakayokufikisha mlangoni kwa mama mkwe ukiwa na mtungi wa gesi na magodoro mawili. Lakini wengi wetu hatukununua gari kwa raha. Tulichoka kusimama steji Ijumaa jioni huku nauli ikipanda tukiiona, makanga akitaja bei mpya kila matatu inapoingia. Tukakopa kwenye sako, tukaagiza gari lililokwisha kutumika Japani, lisilozidi miaka minane kama sheria inavyotaka, na tangu hapo tunalipa: mkopo, bima, matairi, na petroli ambayo kila lita yake ina shilingi 25 za matengenezo ya barabara. Hadi katikati ya 2024 zilikuwa 18.

Sasa inakuja ada ya barabara mpya. Mmetangaza shilingi 8 kwa kilomita kwa gari dogo. Kutoka Rironi hadi Mau Summit ni kilomita 175 hivi. Piga hesabu: shilingi 1,400 kwenda, 1,400 kurudi, petroli bado. Familia inayotoka Nairobi kwenda kuzika Vihiga itakuwa imelipa zile 1,400 za kwenda kabla haijaanza hata kuteremka kuelekea Kericho, na mnajua watu wa magharibi huzika karibu kila wikendi. Sikatai kulipa. Aliyewahi kukwama Gilgil au Kinungi wiki ya Krismasi, watoto wakilia njaa kiti cha nyuma na injini ikichemka, hawezi kusema barabara ile isipanuliwe. Ninachokataa ni kulipa kwa kukosa pa kwenda. Anayelipa ada ya barabara awe ameichagua, naye alikuwa na treni ya kupanda akitaka.

Tena msituambie kwamba kupanua kutamaliza foleni. Barabara ya Thika ilipozinduliwa Novemba 2012 tuliambiwa hivyo hivyo. Leo nenda Githurai au Roysambu saa kumi na mbili jioni ujionee. Barabara ikiwa pana, asiyekuwa na gari hukopa anunue, na mwenye moja huongeza la biashara. Treni moja ya Madaraka, ile ya SGR ya Nairobi hadi Mombasa, hubeba abiria 1,200 hivi. Watu hao ukiwapakia kwenye matatu za abiria 14 unahitaji matatu 86. Ukiwapakia watano watano kwenye magari madogo ni magari 240, na wote tunajua magari madogo hayajai. Langu mara nyingi nimo peke yangu.

Halafu kuna damu. Hapa sitaandika kwa upole. Sachangwan, Januari 2009: lori la mafuta lilianguka, watu wakakimbilia kuchota, moto ukaua zaidi ya 100. Migaa, karibu na Salgaa, alfajiri ya 31 Desemba 2017: basi na lori, watu 36. Fort Ternan, Oktoba 2018: basi la usiku kutoka Nairobi, zaidi ya 50. Londiani Junction, 30 Juni 2023: trela liliwafagia wachuuzi, waendesha boda na watu waliokuwa wakingoja matatu kando ya barabara, 52. Mzunguko wa Coptic pale Kisumu, Agosti 2025: basi la waombolezaji, zaidi ya 20. Hiyo yote ni njia moja, ile ninayopita mimi nikienda kumwona mama. Nchi nzima, kila mwaka, tunazika zaidi ya watu 4,000 waliouawa na barabara. Japani treni zao za kasi zilianza Oktoba 1964, na mpaka leo hakuna abiria hata mmoja aliyekufa kwa treni hizo kugongana au kuacha reli. Kwa hiyo wanaotaka treni hawaoti. Wana hoja, na hoja yao ni nzito kuliko hii yetu ya kutaka kujiendesha.

Mtazame pia ni nani huua pale Salgaa na Londiani. Mara nyingi ni trela linaloteremka mteremko wa Mau na breki zimechoka, limebeba mzigo wa Uganda, Rwanda au Kongo ambao ungekuwa kwenye mabehewa. Mkiongeza njia bila kuuondoa mzigo huo barabarani, mtakuwa mmeyapa matrela nafasi zaidi ya kukimbia.

Tukija kwenye treni ya risasi yenyewe, hapo nitawaudhi wenzangu wa upande wa reli. Watu wa reli duniani huihesabu njia mpya kuwa ya kasi ikianzia kilomita 250 kwa saa. Al Boraq ya Moroko hufika 320 kati ya Tanja na Kenitra tangu Novemba 2018. Jirani zetu Watanzania wana treni ya umeme inayofika 160, na tangu katikati ya 2024 mtu hutoka Dar es Salaam hadi Dodoma, kilomita 460 hivi, kwa muda usiofika nusu ya ule wa basi. Madaraka yetu ni ya dizeli, reli moja, na haizidi 120.

Je, tukimbilie 300? Yeyote aliyewahi kupanda Mau anajua jibu. Nakuru iko kwenye mita 1,850 hivi juu ya bahari, reli hupanda hadi kupita 2,500, kisha hushuka mpaka Kisumu kwenye 1,130. Reli ya zamani iliushinda mlima kwa kujipinda, ikirudi nyuma na kwenda mbele mpaka ikafika. Treni ya kasi haipindi hivyo. Inataka kona pana za kilomita kadhaa, na palipo na mlima inataka handaki, palipo na bonde inataka daraja. Handaki moja tu la Ngong, kilomita 4.5, lilitutoa jasho, na kile kipande cha Nairobi hadi Naivasha chenye kilomita 120 kilitugharimu shilingi bilioni 150 hivi. Sasa fikirieni Mau yote. Mwanasiasa atakayekuja Nakuru kuahidi treni ya risasi kabla ya uchaguzi, mwulizeni handaki litapita wapi na nani atalilipia.

Kasi hiyo hatuihitaji, wala hatuiombi. Madaraka hukata kilomita 472 za Nairobi hadi Mombasa kwa muda wa saa tano hivi. Kwa mwendo huohuo, Nairobi hadi Kisumu kwa SGR ingekuwa kama saa nne, na basi leo huchukua saa saba au nane siku ambayo hakuna lori lililolala barabarani. Kilomita 120 kwa saa zinamshinda kila mwenye gari anayeheshimu sheria, na hata wale wasioiheshimu wakifika Kinungi watapitwa. Nauli ya kawaida ya Mombasa ilipanda kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500 Januari 2024, na bado siku za sikukuu tiketi hugombaniwa. Mkenya hapuuzi treni inayoondoka kwa wakati wake.

Ila treni yenyewe ilifikia wapi? Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Oktoba 2019 ilifika Suswa ikasimama, fedha za kuendelea zikakosekana Beijing, na tangu hapo mabehewa ya abiria yanateremsha watu nyikani wakutane na matatu zilezile walizokuwa wakizikimbia. Sasa mnasema inaendelea, na mimi nafurahi kweli, lakini nina maswali ambayo sijaona mkiyajibu hadharani. Stesheni ya Kisumu itakuwa umbali gani kutoka mjini? Mombasa mliweka Miritini na Nairobi mkaweka Syokimau, na abiria akishashuka anaanza safari ya pili ya kutafuta mji. Watu wa Sondu watapandia wapi? Na Nakuru, ambayo isingekuwapo kama si reli, itaunganishwaje? Mtakumbuka mikataba ya SGR ya kwanza ilifungiwa kabatini miaka, mpaka sehemu yake ilipotolewa Novemba 2022. Safari hii tuisome kabla nyundo haijapiga taruma la kwanza.

Sasa nifike ninapotaka kufika: reli ya zamani.

Reli hiyo iligusa maji ya ziwa Desemba 1901, Kisumu ikiitwa bado Port Florence. Desemba 2021, miaka 120 baadaye, mliifufua na treni ya abiria ikarudi Kisumu, mwezi uleule Nakuru ilipopewa hadhi ya jiji. Watu walijipanga kando ya njia kutoka Koru mpaka Kibos kuipungia mkono, wazee kwa vijana. Lakini mlituletea treni ya wikendi. Iliondoka Nairobi Ijumaa jioni, ikatembea usiku kucha, ikafika Kisumu asubuhi, ikarudi Jumapili. Treni ya namna hiyo ni ya mtu aliye likizo. Mwalimu wa Njoro anayetakiwa Kisumu Jumanne haimhusu, wala mgonjwa wa Londiani mwenye kliniki Alhamisi.

Njia yenyewe bado ipo, na inapita palepale watu walipo. Stesheni ya Nakuru iko mjini, unatoka langoni unaingia sokoni kwa miguu. Ya Kisumu iko karibu na ziwa. Katikati kuna Njoro, Elburgon, Molo, Londiani, Kipkelion, Fort Ternan, Koru, Muhoroni, Chemelil, Miwani, Kibos. Kipindi cha mavuno nilisimama Elburgon kungoja mvua ipungue, nikamwona mama akikunja turubai la mahindi aliyokuwa ameanika kando ya reli. Nyuma yake magunia ya viazi yalikuwa yakipakiwa juu ya matatu. Kila gunia lilikuwa na nauli yake, mbali na ya mwenye gunia, na makanga hakukubali kujadili. Viazi vya Molo vinapaswa kushuka Kisumu kwa behewa, na omena ipande Nakuru kwa behewa. Siku shule zinapofunguliwa, watoto wa Maseno na wa Butere wanasafiri na masanduku ya bati yakiwa yamefungwa kwa kamba juu ya mabasi, usiku, kwenye mteremko nilioutaja. Wangekaa kwenye treni, sanduku likiwa miguuni.

Nakuru hadi Kisumu kwa reli ni kilomita 217. Treni ya abiria ikitembea wastani wa kilomita 50 tu kwa saa, itafika kwa muda wa saa nne na ushei. Matatu huiwahi kidogo, siku nzuri. Hatujali. Tunataka ile inayoondoka saa mbili asubuhi iwe na abiria 40 au 400, mvua inyeshe isinyeshe, na nyingine ya kurudi alasiri. Kwa hiyo hamhitaji mkopo wa Beijing. Mwaka 2020 mlinunua treni ndogo za dizeli zilizokwisha kutumika kisiwani Mallorca, Hispania, mkazileta kubeba wafanyakazi wa Nairobi. Tafuteni nyingine mbili tatu za aina hiyo, muwape mafundi wa Nakuru na Kisumu kazi ya kuzitunza, muweke wakaguzi wa njia wanaotembea kwa miguu kama zamani, wenye nyundo na tochi.

Na msiseme reli ya zamani ikiachwa haigharimu kitu. Aprili 2024, kule Old Kijabe, mtaro wa chini ya tuta la reli uliziba, maji ya mvua yakajikusanya nyuma yake, yakapasua usiku na kuwasomba watu wa Kamuchiri, Mai Mahiu, wakiwa wamelala. Zaidi ya 50 walikufa. Tuta ambalo hakuna anayelikagua huua, hata kama hakuna treni inayopita juu yake.

Fedha mnazo. Tangu 2013 karibu kila bidhaa inayoingia nchini hukatwa ushuru wa maendeleo ya reli. Ulianza kwa asilimia 1.5 na sasa ni 2. Mama wa mitumba wa Kibuye ameulipa. Fundi wa simu wa Kenyatta Avenue hapa Nakuru ameulipa. Tairi nililobadilisha mwezi uliopita liliulipa kabla yangu. Watu wa njia hii wameilipia reli kwa zaidi ya miaka kumi, na treni ya kila siku hawana. (Wenzangu wa Eldoret mnisamehe, yenu inastahili barua yake. Mnapitiwa na mizigo ya Malaba mchana na usiku.)

Ombi langu kwa Shirika la Reli ni ratiba ya treni ya kila siku ya Nakuru–Kisumu, yenye tarehe ya kuanza, nauli na orodha ya stesheni, ibandikwe kwenye milango ya stesheni hizo. Waziri naomba aseme hadharani kama kile kiungo kilichojengwa kuunganisha SGR na reli ya zamani pale Naivasha kitabeba abiria, ili wa Nakuru naye abadilishe treni na kuteremka Nairobi bila kugusa Kinungi. Mamlaka ya Barabara Kuu ituonyeshe, kabla haijaanza kutoza, njia isiyo na ada itakayobaki, na hali yake. Magavana watatu, ninyi mna kazi nyepesi kuliko wote: steji za matatu zihamishiwe karibu na stesheni, na ardhi iliyozunguka stesheni isigeuke vibanda vya wakubwa. Na kama kuna watakaohamishwa kwa ajili ya reli, walipwe kwanza, wapewe muda, yasirudi yale ya Kibos ya 2021 ya matingatinga kufika usiku.

Mkija Nakuru kukusanya maoni ya barabara, nitakuwapo, na kikao kikiwekwa Kisumu nitakuja pia. Nitakuja kwa gari, kwa sasa.

Wenu,
Mwenye gari na mlipa ushuru wa reli,
Section 58, Nakuru